Acha Viatu Gogoni

Umeniuliza, mwanangu, ukienda Jipe na wenzako wa chuo uvae nini botini: raba, ndara, ama uende peku kama wavuvi wa zamani. Swali lenyewe ni dogo, mtu mwingine angekujibu kwa neno moja. Mimi neno moja sina. Ulipouliza tu, mguu wangu wa kushoto ulijikunja wenyewe ndani ya kiatu, na nikakumbuka siku moja ya Desemba, miaka ya hamsini, ambayo sijawahi kuisimulia yote. Nyanya yako alisikia nusu yake. Wewe nitakupa yote, kwa sababu umeuliza mwenyewe, na kwa sababu mzee akibakiza hadithi tumboni huzikwa nayo.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, nasoma sekondari kule milimani, nalala bwenini. Nilikuwa na haya, na si haya kidogo. Mwalimu akiniuliza jambo ninalolijua, jibu lilipanda mpaka kooni likakaa hapo, likingoja mwenzangu alitoe. Basi niliyoshindwa kuyasema niliyaandika. Lile daftari ninalo hadi leo. Panya wamekula pembe zake, lakini maneno yapo. Ukurasa mmoja una mstari mmoja tu: "Leo tena nimeoga wa mwisho." Mwingine akiusoma atauona ni upuuzi. Mimi najua ulichokuwa unasema.

Miguu yangu haikuwa kamili. Mguu wa kushoto hauna vidole viwili vya pembeni, na ule wa kulia una kidole kimoja kilichopinda, hakina kucha. Ni funza walionila nikiwa mdogo. Jinsi ilivyokuwa sikukumbuka. Mama aliwahi kuniambia mara moja tu kwamba ni funza, na nyumbani kwetu Voi jambo hilo halikuzungumzwa tena. Likawa kama sahani iliyovunjika ambayo kila mtu anapita kando yake. Na jambo lisilozungumzwa, mwanangu, mtoto hulipa jina mwenyewe. Mimi nililipa jina la aibu. Nikaamini mtu akiiona miguu ile ataona uchafu, ufukara, nyumba isiyo na mtu wa kumwangalia mtoto.

Sasa fikiria furaha yangu siku baba aliponinunulia viatu. Alikuwa akifanya kazi kwenye reli pale Voi, na aliposikia shule inataka viatu vyeusi vya ngozi, alijinyima akavileta, na soksi nyeupe ndefu juu yake. Wenzangu walivifurahia kwa sababu ya kung'aa kwake. Mimi nilivipenda kwa sababu vilifunika. Nilivivaa darasani, nikavivaa bustanini, hata jikoni kwa mama wakati wa likizo. Mama aliguna tu. Kila jioni nilivipaka dawa, nikavisugua kwa kitambaa mpaka nione dirisha ndani yake.

Likizo hiyo ya Desemba baba alisema niende kwa mjomba, ndugu ya mama, nikamsaidie. Mjomba Mwadime alikuwa mtu wa Ronge kama sisi, mkulima mtoto wa wakulima, lakini alioa Mtaveta na mwishowe akahamia kwa wakwe zake kando ya ziwa. Watu wa milimani walimcheka, kwamba ameacha migomba akaenda kulima maji. Yeye alijibu kuwa maji hayana magugu. Baadaye matete yalipozidi ziwani aliacha kusema hivyo.

Nilipanda treni ya Taveta. Ninyi mnaijua ile reli kwa nyasi zake tu. Wakati ule ilikuwa na sauti. Ilitoka Voi polepole kama mtu aliyeshiba, ikapita Mwatate kwenye mashamba ya mkonge, ikapita Bura, Maktau, ikakata nyika mpaka Mbuyuni, na akina mama wakiuza ndizi na mayai ya kuchemsha dirishani. Vumbi lilikuwa jekundu, likakaa kwenye viatu vyangu, nami kila kituo nilitoa kitambaa nikavipangusa. Mzee mmoja aliyekaa mbele yangu na kuku wake wawili aliniangalia mpaka Maktau, kisha akauliza kwa upole kama naenda kuoa. Nikasema hapana. Akasema, basi vipumzishe, vijana wakipangusa viatu hivyo kuna mtu anaangaliwa. Niliangalia nje mpaka Mlima Kilimanjaro ulipotokeza.

Kutoka Taveta hadi Jipe nilipata lori la shamba la mkonge, kisha nikatembea. Ziwa lile, mwanangu, halifanani na bahari uliyoiona Mombasa. Halina mawimbi ya kishindo. Limelala chini ya milima ya Upare kama shuka lililoanikwa, na pembeni yake ni matete na mafunjo marefu kuliko mtu, mengine yameshika ardhi, mengine yanaelea. Harufu yake ni matope ya uvuguvugu, moshi na samaki wa kukaushwa. Hata leo nikipita penye samaki mkavu sokoni Voi, nasimama kidogo. Nyanya yako alidhani nataka kununua.

Mke wa mjomba tulimwita Mama Wakesho, kwa jina la binti yao. Alinipokea kwa mikono iliyojaa magamba ya samaki, akaniangalia usoni, na sasa ndipo najua kwamba aliniangalia usoni kwa makusudi. Chini hakutazama.

Hapo ufukweni palikuwa na gogo la mgunga, limelala karibu na maji, limekuwa jeupe kwa jua. Juu ya gogo hilo wavuvi waliacha akala zao, zile ndara za tairi. Mitumbwi ile ilikuwa ya mti mmoja uliochongwa, nyembamba, na hakuna aliyepanda na kiatu. Kwanza, mguu mtupu ndio unaosikia mtumbwi: maji yakianza kuingia chini ya matete mliyotandika, wayo unajua kabla ya jicho. Lakini sababu ya pili ndiyo iliyokuwa kubwa. Akala ikiwa juu ya gogo, mwenyewe yuko majini. Ikiwa haipo, amerudi. Hakuna aliyeuliza habari wala kupiga kelele. Mvuvi wa mwisho kurudi aliangalia gogo, na akiona akala ya mwenzake bado ipo, aligeuza mtumbwi akarudi kumtafuta. Na mtu aliyejua atashukia upande mwingine wa ziwa alizibeba zake kifuani, ili asiwasumbue watu bure. Hivyo ndivyo walivyolindana, bila kitabu na bila saa.

Mjomba alinieleza haya siku ya kwanza, taratibu, mara mbili. Nami nikaitikia mara mbili.

Kwa wiki nzima nilikaa nchi kavu. Nilichochea moto wa kukaushia samaki, nilichota maji, yote nikiwa na viatu na soksi. Jirani wa mjomba alikuwa Mzee Salimu, Mtaveta mwenye ndevu fupi na maneno mafupi, ambaye mtumbwi wake ulikaa karibu na wetu. Akiniona napita matopeni naruka kama korongo, aliweka mkono kifuani na kuinama. "Bwana Shauri amekuja kukagua perege," alisema, kana kwamba mimi ni mkuu wa wilaya wa Kizungu. "Jamani pangeni samaki vizuri, vichwa upande mmoja." Wote wakacheka, Wakesho mdogo naye akacheka mpaka akakaa chini. Niliandika katika daftari usiku ule kwamba wananicheka miguu. Nimeusoma mstari huo juzi tena. Ona mtu anavyoweza kusikia jambo lisilosemwa.

Siku ya nane ilikuwa siku ya soko Taveta. Mjomba aliniamsha kabla ya mapambazuko, akasema leo twende wote majini. Mpango ulikuwa hivi. Katikati ya mafunjo palikuwa na kichanja, jukwaa la fito lililojengwa juu ya mafunjo yanayoelea, ambapo wavuvi walimwaga samaki kutoka katika migono, mitego yao ya kufuma. Angeniacha hapo nipasue samaki na kufukuza ndege. Yeye angechukua mzigo wa kwanza moja kwa moja hadi ng'ambo ya kaskazini, lori linapopita, aende nao sokoni, alale Taveta. Mzee Salimu alikuwa ameshatoka peke yake kabla yetu, kuvua mbali. Akirudi adhuhuri angeona akala zangu gogoni, angejua kuna mtu kichanjani, angekuja kunichukua.

"Chukua akala zangu za zamani," mjomba aliniambia, "uziache gogoni. Ama acha hivyo viatu vyako. Salimu ataviona kutoka Upare."

Alikwenda mbele kusukuma mtumbwi. Nikabaki kwenye gogo, giza bado halijaisha vizuri. Niliinama. Nilifungua kamba ya kiatu cha kulia, nikaivuta mpaka katikati. Nikasikia sauti za watu wengine wakija na taa yao ya chemli, wanaongea. Nikaona mwanga wa taa ile ukija chini, chini kabisa, usawa wa miguu. Nikafunga kamba tena. Akala za mjomba nilizisukuma nyuma ya gogo, nikakimbia.

"Umeacha viatu?" mjomba aliuliza.

"Nimeacha."

Neno moja tu, mwanangu. Nimesema uongo mwingine maishani, sikatai, lakini ule ndio ninaoweza kukuonyesha mahali uliposimama. Nilikaa mbele ya mtumbwi nikafunika miguu kwa gunia. Mjomba alikuwa nyuma akisukuma kwa upondo, mti wake mrefu, akiimba kidogokidogo, na mimi nikimsikiliza nilijiona mwizi.

Asubuhi yake ilikuwa nzuri, sitaki kukudanganya. Ndege waliamka wote mara moja. Jua liligusa theluji ya Kilimanjaro kwanza, kisha milima ya Upare, na mwisho likatukumbuka sisi. Mjomba alimwaga migono, samaki wakarukaruka kwenye fito, akapakia kapu lake akaondoka na mtumbwi, akala zake za kuvaa zimefungwa shingoni. Nikapasua samaki. Nilikuwa peke yangu, hakuna wa kuniangalia, na bado sikuvua viatu. Hilo ndilo linalonishangaza hata leo.

Jua likafika utosini. Nilimwona Mzee Salimu mbali sana, mtumbwi wake kama kijiti, anaelekea ufukweni. Nikasimama nikampungia mkono. Hakuniona, nami sikujali, kwa maana nilijua akifika gogoni ataona... Hapo ndipo nilipokumbuka. Nilisema lile neno "ataona" mdomoni, likanifia.

Aliyoyafanya Mzee Salimu nilielezwa baadaye. Alivuta mtumbwi, akaangalia gogo. Wengine walikuwa wamesharudi kuwahi soko, zimebaki akala zake mwenyewe tu. Akala za mjomba hazikuwepo, viatu vya Bwana Shauri havikuwepo. Akashukuru Mungu kwamba wote wako salama, akatawadha, akasali, akajilaza kivulini mwa mtumbwi wake. Hakukosa lolote. Alisoma alichoandikiwa.

Mchana upepo uliinuka kutoka nyikani, kama ilivyo desturi yake. Kichanja kikaanza kutikisika. Mafunjo yale yanayoelea yana mizizi iliyosokotana kama mkeka, na upepo ukizidi mkeka hukatika. Nilisikia sauti ya kuchanika chini yangu, kama kitambaa cha zamani. Kipande changu kikajitenga, kikaanza kwenda, polepole, kuelekea maji wazi. Fito za kichanja zikaachana upande mmoja, samaki wakateleza wakarudi ziwani, kazi yangu yote ya asubuhi. Nilijaribu kusimama. Soli za viatu zilikuwa laini kwa utelezi wa magamba, kisigino kikazama katikati ya mizizi, nikaanguka ubavu, mguu mmoja majini mpaka pajani. Kiatu kikajaa maji na matope, kikanivuta kama mtu aliyenishika. Upande wa pili, si mbali, kiboko alitoa kichwa, akapumua, akatoweka. Nilipiga kelele. Mimi niliyeshindwa kujibu darasani nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika, na upepo ukaibeba kuelekea Upare ambako hakuna aliyenijua.

Ndipo nikavua. Kiatu cha kushoto kilitoka na soksi yake kikazama pale pale. Cha kulia nikakishika. Nikakanyaga ule mkeka wa mizizi kwa miguu mitupu, mwanangu, na nakuambia kweli, ilikuwa kama kuwasha taa chini. Nilijua wapi pamelegea na wapi pameshika. Vidole vyangu vilivyobaki vilijishikilia wenyewe, sikuvifundisha. Nikatambaa mpaka katikati, nikakusanya mashina ya mafunjo nikayafunga pamoja kiunoni kwangu, nikachuchumaa. Soksi ya kulia niliifunga kwenye ufito mrefu nikauinua. Nikakaa hivyo, naangalia miguu yangu mchana kweupe. Sikuwa nimeiangalia hivyo kwa miaka.

Aliyeniokoa ni Mama Wakesho. Alileta ugali wangu ufukweni mchana ukielekea alasiri, akakuta Mzee Salimu amelala. Akamuuliza mtoto yuko wapi. Mzee Salimu akajibu kwamba gogo ni tupu, mtoto atakuwa amerudi. Mama Wakesho akasema hajarudi. Akaangalia gogo, kisha akaangalia matope. Katika ufukwe wote ule wa nyayo za watu, palikuwa na alama mpya za kiatu kimoja tu chenye kisigino, cha mraba, kimekwenda mpaka majini. Akazunguka akitafuta alama zinazorudi. Hazikuwepo.

"Salimu, amka," alisema. "Kisigino kimeingia ziwani hakikutoka."

Mzee Salimu alinikuta jua limeanza kuinamia Upare. Aliiona soksi kwanza. Alipofika alinishika chini ya makwapa kama mtoto mchanga akanilaza mtumbwini juu ya matete. Njia nzima nilikuwa nimeikunja miguu chini yangu. Tulipofika, ufukweni palikuwa pamejaa watu. Nilishuka, na nikaizamisha miguu yote miwili kwenye matope, nikasimama hapo kama nguzo, sitaki kutoka. Mama Wakesho aliniambia nije nile. Nikasema sina njaa. Aliniangalia, kisha akawageukia wale watu akawaambia waende, samaki wanaungua. Wakaenda. Ndipo nikatoka matopeni.

Mjomba alirudi asubuhi iliyofuata na lori, habari imeshamfikia njiani. Nilimngoja kwa hofu. Nilijua nastahili fimbo, na fimbo ningeipokea kwa shukrani, maana ingemaliza mambo haraka. Hakuja na fimbo. Alipita nyuma ya gogo, akaziokota akala zake za zamani mahali nilipozificha, akakaa gogoni, akaziweka kando yake.

"Nipe mguu," akasema.

Nilisema, "Mjomba, mimi..."

"Wa kushoto. Nipe."

Akauweka pajani mwake. Akaupangusa matope kwa kiganja, akapitisha kidole gumba pale ambapo vidole havipo, bila kusita, kama mtu anayepita njia ya kwake gizani.

"Hivi unavificha kwa nani?" aliuliza. "Vidole hivi niliviondoa mimi."

Naye akanieleza, sauti ya chini, ile hadithi ambayo nyumbani haikusemwa. Nilipokuwa na miaka minne mama yangu aliugua baada ya kujifungua, nami nikapelekwa Ronge kukaa kwa bibi. Bibi alikuwa haoni vizuri. Nililala karibu na mbuzi, funza wakaniingia, na hakuna aliyegundua mpaka nikashindwa kukanyaga. Mjomba alikuwa ameoa karibuni, hajahamia Jipe bado. Akanichukua nyumbani kwake. Kila jioni alinichokonoa funza kwa mwiba wa mchungwa, akanipaka mafuta ya taa, na Mama Wakesho, bibi harusi wa juzi, akashika taa. Vidole viwili vilikuwa vimekwisha kuoza. Alivitoa kwa mkono wake, kisha akaenda nyuma ya nyumba akalia.

"Uliuweka mguu wako hapa," akasema, akigonga paja lake, "na kila siku ulilala kabla sijamaliza. Siri ya maiti aijuaye mwosha. Mimi ndiye mwosha wako, nawe u hai."

Nikamuuliza kama Mzee Salimu anajua. Mzee Salimu alikuwa pale pale anashona wavu, akajibu mwenyewe bila kuinua kichwa. "Tuliambiwa kabla hujafika. Mjomba wako alituomba tusikutazame chini, na wallahi shingo imeniuma wiki nzima." Akavuta uzi. "Mimi nilicheka viatu, mjukuu wangu, vilikuwa vinang'aa kama kipara cha karani. Miguu sikuicheka. Mwenye kucheka mguu ulioliwa na funza hajakaa na mbuzi."

Mjomba hakucheka. Aliniambia jambo ambalo nimelibeba kuliko yote. Alisema, "Na mimi nina kosa langu. Nilijua unaficha, nikanyamaza, nikaona ndiyo heshima. Kumbe nilikuacha huko ndani peke yako." Kisha ndipo akanikemea, na alinikemea sawasawa. Kwamba kama si matope ya ufukweni angekuwa anachimba kaburi lisilo na mtu ndani. Kwamba mama yangu angemuuliza amempeleka wapi mtoto wake, naye angejibu nini. Kwamba gogo lile halikuwahi kudanganya tangu wavuvi walipoliweka, na mimi ndiye niliyelifundisha uongo. Nililia. Nililia nikiwa nimeacha mguu wangu pajani mwake, nami nilikuwa na umri wa kuota ndevu.

Mama Wakesho alikuja na kile kiatu cha kulia, kimekauka, kimekunjamana kama uso wa tumbili. Akakiweka gogoni. Alisema viatu vyangu vilitaka kuniua kisha vikaona haya vikaniokoa, basi kilichobaki kipewe kazi. Kuanzia siku ile, kila nilipoingia ziwani niliacha kiatu kimoja juu ya gogo, katikati ya akala za watu wazima, na niliporudi nilikiondoa. Mzee Salimu alikuwa akikiona anasema, "Nusu ya Bwana Shauri iko majini." Nikajifunza kusikia mtumbwi kwa wayo, baridi ile ya kwanza ya maji chini ya matete, na kunyanyua kata kukumba maji kabla mjomba hajaniambia. Wiki mbili zilizobaki zilikuwa fupi. Nikizikumbuka sasa, wale watu wote wakiwa wamelala makaburini, naona kama sijawahi kutembea vizuri hivyo tena.

Nilirudi shule nimevaa akala, na barua ya baba ya kueleza viatu vilikopotelea. Katika daftari, mwezi wa Januari, kuna mstari mwingine: "Leo nimeoga katikati ya foleni. Mmoja aliuliza. Nimemwambia funza. Akasema dada yake pia."

Basi, mwanangu, jibu la swali lako. Boti za siku hizi zina injini, zina misumari na ndoano sakafuni, si ule mti laini wa mjomba. Vaa raba nyepesi yenye soli inayoshika, inayovuka kirahisi ikiingia maji. Kiatu cha ngozi chenye kisigino usipande nacho, hata picha zikitaka. Ukipewa mtumbwi wa kuchonga, vua, usikilize kwa mguu. Maji usiyoyafika hujui kina chake, basi muulize anayekaa nayo, ukiambiwa desturi yao usiitikie mara mbili halafu uende kinyume.

Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni hili. Popote uendapo, ziwani, mjini, kwenye masomo, kwenye shida, acha kitu juu ya gogo ambacho mtu anayekupenda atakiona ajue bado hujarudi. Usiseme "nimeacha" nawe hujaacha. Watu hawawezi kukutafuta mahali ambapo umewaambia hupo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nakuongezea kwamba mara nyingi wale unaowaficha ndio walioshika taa siku kidonda kikioshwa.

Nimeona tangu ufike likizo hii umekuwa mkimya, na simu ikilia unatoka nje. Mjomba alinyamaza kwa heshima, akajuta. Mimi sitanyamaza. Kuna jambo umelivalia kiatu, mwanangu. Sikulazimishi. Nakuambia tu kwamba nipo hapa barazani, paja ni hili, na miguu yako naijua tangu ilipokuwa mifupi kuliko kidole changu.

Nenda Jipe, ukawaone wale ndege kwa niaba yangu. Mungu aliyeyapa maji mpaka wake akupe nawe mahali pa kukanyaga. Usipite mahali ambapo hakuna wa kukuulizia, na ukichelewa pawe na mtu wa kuangalia matope. Urudi salama, uondoe kiatu chako gogoni kwa mkono wako mwenyewe. Amina.